Mama Neema wa Singida Hayupo

Niliandika ushuhuda wa mtu ambaye hayupo. Hilo ndilo kosa langu la mwanzo, na nimelitaja kabla hata ya kuwasalimu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitaogopa, nitasifia kikundi, nitashukuru viongozi mmoja mmoja, halafu nitakaa chini bila kusema kilichonileta mbele yenu.

Sasa nasalimu. Shikamooni wazazi wangu. Vijana wenzangu, mambo vipi.

Mwenyekiti amenipa nafasi hii kwa sababu vijana wa kikundi chetu wananiuliza kila tukikutana hapa Bagara, "Kaka, tuunge na sisi kwenye ile kazi ya linki." Nimejiandaa. Maneno haya nimeyaandika, nikayachana, nikayaandika tena. Hili shati nimelipiga pasi, nikaliangalia, nikalipiga tena. Cheka tu, mama, najua nilivyo. Lakini ugonjwa huo wa kutaka kila kitu kinyooke ndio ulionifikisha pabaya.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: kampuni ina bidhaa yake. Inakupa linki, yaani anwani ya mtandaoni yenye alama yako. Unaisambaza kwenye simu za watu. Mtu akibonyeza pale akanunua, kampuni inakulipa kamisheni. Huna duka, hubebi mzigo. Si wizi, na wapo wanaoifanya kwa haki. Mimi sikuwa mmoja wao.

Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa na meza yangu ya kubandika vioo vya simu karibu na stendi, na mteja akikosekana naangalia video za walimu wa mtandaoni. Nikafungua ukurasa. Nikahangaika na rangi ya ukurasa huo mpaka nikaanza kuiota. Kijani hiki kimekolea mno, kile kimepauka mno. Nikajiunga na kampuni moja ya jijini inayouza unga wa mitishamba wa maumivu ya viungo, nikaweka picha ya kopo, nikaweka linki. Hakuna aliyebonyeza. Nikabadilisha picha. Hakuna. Nikaweka maelezo marefu yasiyo na kosa hata la nukta. Hakuna, ndugu zangu, hata shangazi yangu.

Ndipo mwalimu mmoja wa mtandaoni akasema, "Watu hawanunui kopo. Wananunua mtu aliyepona." Nikaenda kusoma shuhuda za wenzangu wanaouza unga ule ule. Nikaona kinyaa. Picha ya mguu uliovimba wa mtu wasiyemjua, wameichukua sijui wapi. Mzee wa Kizungu wamempa jina la Mmakonde. "Nilikuwa siwezi kutembea sasa nakimbia." Nikajisemea, hawa hata kudanganya hawajui.

Sikilizeni hapo. Sikuchukia kwamba wanadanganya. Nilichukia kwamba wanadanganya vibaya. Nikakaa nifanye vizuri zaidi.

Nikamtunga Mama Neema wa Singida. Nikampa magoti mabovu. Nikampa binti, Neema, anayesubiri matokeo ya darasa la saba. Nikamfanya atembee akishika nguzo za uzio, nguzo hadi nguzo, akiwa na kidumu cha maziwa mkononi, na akifika nyumba ya watu aseme anapumzika kidogo "kuangalia mawingu" ili wasijue anaumwa. Nikaacha makosa mawili ya tahajia kwa makusudi, ili aonekane mtu wa kweli. Nikasoma kwa sauti. Ilikuwa nzuri, lakini mwisho haukukaa sawa, ulikatika ghafla. Ilitakiwa sentensi moja ya kufungia. Nikaandika: "Siku hizi hata vidonge vya presha nimeviweka pembeni."

Sikuwa na nia yoyote kuhusu presha, na hata kwenye kopo neno presha halikuwepo. Niliitia sentensi ile kwa sababu ilisikika vizuri.

Watu wakabonyeza. Kutoka Singida kwenyewe, Katesh, Kondoa. Siku moja oda ikaonyesha Babati, na mimi nikafurahi, nikasema sasa hata nyumbani wananisoma. Ukurasa haukuwa na jina langu. Ulikuwa na jina la kike, lenye maua.

Sasa niwaambie kuhusu mama mmoja wa Nangara. Jina silitaji. Mama yangu alipougua, mimi nikiwa shule ya msingi, huyo mama ndiye aliyetuletea maziwa ya ng'ombe wake. Alikuwa anakuja kwa miguu, na hakukubali kulipwa. Kwake mimi ni mwanawe, na nikipita Nangara bila kuingia ni kesi.

Basi nikapita. Nikamkuta amekaa nje, miguu ameinyoosha kwenye jamvi, binti yake anapeta mbaazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda! Huko stendi mnakula vioo vya simu?" Akamgeukia binti yake. "Mkorogee na yeye ile dawa kwenye uji."

Binti akaingia ndani, akarudi na kopo. Nililijua kabla halijafika mlangoni. Lile kopo nilikuwa nimelipamba kwenye simu, nimelipunguza kivuli, nimeling'arisha, lakini sikuwahi kulishika mkononi wala kulifungua. Binti akafungua. Harufu yake ni ya gunia lililolowa, ndani yake wametia sukari ya unga. Akakoroga, uji ukawa wa kijivu. Nikanywa, mama ananiangalia mdomoni kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Ulikuwa mtamu, halafu unaacha kitu kama chokaa kwenye meno. Nikanywa wote.

"Kuna mwenzangu mmoja wa Singida," akasema. "Mwanangu, huyo mama ni kama mimi kabisa. Binti alipokuwa ananisomea nililia. Nikasema, kumbe tupo wengi. Jumuiya ikikutana namwombea. Na huyo Neema wake, Mungu ampe shule nzuri. Wewe unajua mambo ya simu, nitafutie namba yake nimshukuru."

Nikasema nitatafuta.

"Nimeuza mbaazi nikaagiza kopo la pili. Na vidonge vya hospitali nimeviweka pembeni, kama yeye."

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa hapo, yamechanganyika na chokaa. Niliaga. Nikasema kuna mteja ananisubiri. Nilipofika kwenye mtaro nikatapika, na hata kwenye kutapika niliangalia kwanza kama kuna mtu ananiona.

Kilichofuata kinanitia kinyaa kuliko vyote. Nilirudi nikaifuta ile sentensi ya vidonge kwenye ukurasa, kimya kimya, nikajiambia nimerekebisha. Kama vile mama yule angeamka asubuhi akute imefutika kichwani mwake.

Wiki ile haikuisha. Nikapigiwa simu na mama yangu kwamba yule wa Nangara ameanguka akikamua ng'ombe, wamempeleka hospitali. Nilikimbia, bajaji niliiona haiendi. Nikamkuta amelala, mdomo umeenda upande kidogo, mkono wa kushoto umelegea juu ya shuka. Binti yake yupo pembeni na lile kopo kwenye mfuko wa rambo, kwa sababu nesi alisema wamletee kila anachotumia.

Nesi alikuwa anauliza, "Nani alimwambia aache vidonge vya presha?"

"Kuna mama wa Singida," binti akajibu.

"Daktari?"

"Hapana. Mgonjwa kama yeye. Alipona."

"Yuko wapi huyo mama? Mna namba yake? Maana na yeye anatakiwa kuambiwa arudi kwenye dawa."

Hapo hata nesi alianza kumhurumia. Watu watatu wanamhangaikia mtu ambaye nilimtunga mimi kwenye kiti cha plastiki, nikila karanga.

Nikasema, "Hayupo."

"Amefariki?" binti akashtuka.

"Hajawahi kuwepo. Nilimwandika mimi. Ukurasa ni wangu."

Binti aliliweka lile kopo chini, akaniangalia. Halafu akasema polepole, "Si ulikuja nyumbani. Ukanywa na uji."

"Nilikunywa."

"Mtunzi! Karibu, kaa hapo, utunge na jeneza."

Nesi akamwambia apunguze sauti. Kumbe mama hakuwa amelala. Akasema, na maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, "Nisomee."

Nikafikiri anataka Biblia. Nikaangalia huku na huku.

"Ile ya Singida. Nisomee tena."

Nikamwomba msamaha, nikasema mama, tuache. Akarudia, "Nisomee." Basi nikatoa simu, nikasoma. Nimewahi kupigwa shuleni mbele ya mstari, na ile haikuwa kitu. Kila sentensi niliyokuwa nimeipiga msasa nikaisikia ikitoka mdomoni mwangu, laini, haina mkwaruzo. Yeye ananisimamisha.

"Magoti?"

"Niliyatunga."

"Neema?"

"Hayupo, mama."

"Hata mtoto?" Akafumba macho. "Mtoto nilimfungia na kuomba."

Nikaendelea. Nikafika kwenye nguzo za uzio, na kidumu cha maziwa, na kuangalia mawingu. Nikakwama. Wakati naandika nilijua nimeyatoa wapi, lakini sikuwahi kujisomea nikiwa mbele yake.

"Hiyo nayo umeitunga?" akauliza.

"Hapana, mama. Hiyo ni wewe. Nilikuwa nakuona dirishani ukija kwetu."

Kumbe ndiyo maana alilia. Ndiyo maana alisema huyo ni kama mimi kabisa. Nilichukua maumivu yake, nikayavalisha jina la mtu mwingine, nikamuuzia mwenyewe. Naye akauza mbaazi zake kuyanunua.

Hakunikumbatia, ndugu zangu. Hakusema nimekusamehe. Alisema, "Kumbe mlikuwa mnaniona," akageuza uso ukutani. Nami nikatoka.

Kesho yake nilifuta ukurasa wote. Kampuni wakanipigia, sauti nzuri, wananiita bosi. "Bosi, ushuhuda wako ndio unafanya vizuri kuliko wote, usiutoe, tutakuongezea kamisheni." Niliwaambia kuna mtu yupo hospitali. Wakasema, "Pole sana bosi, ila kopo halijaandikwa presha." Na ni kweli, halijaandikwa. Niliandika mimi.

Kamisheni niliirudisha kwa mwenye mbaazi, na jambo hilo sitaki mnipigie makofi. Niliandika tangazo kwa jina langu, na picha yangu, kwamba Mama Neema ni uongo na aliyeacha dawa arudi hospitali. Lilisomwa na wachache, na wengi wao walinitukana, na walikuwa na haki. Kuna watu Katesh na Kondoa ambao siwajui majina, walinunua. Sijui wameweka nini pembeni. Hilo silijui na sitalijua.

Na Mama Neema hafi. Wauzaji wenzangu walimnakili zamani. Juzi nimemkuta kwenye kundi moja la simu kahamia Tabora, kapewa picha ya mwanamke mwenye miwani, na anauza mafuta ya nywele. Sentensi zangu zilezile. Hata yale makosa mawili ya tahajia wameyaacha. Nikiona vile natamani kunawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Sasa vijana, mlisema niwafundishe. Kazi ya linki inawezekana. Lakini kitu hujakishika, usikisifie. Kitumie kwanza mpaka ukione ubaya wake, kisha utaje na ubaya huo. Mwambie mtu wazi kwamba akinunua na wewe unapata chako. Mambo ya dawa na miili ya watu yaache kwa wenye kazi hiyo. Na ukijikuta unaandika "nilikuwa" na "sasa" kwa niaba ya mtu mwingine, zima simu utoke nje. Ushuhuda hautungwi kwa ajili ya mtu. Mwenyewe aliyeyapitia ndiye anayesema, kama mimi ninavyosema hapa, na karatasi yangu mnaiona.

Namshukuru nesi yule, aliyeuliza namba ya mtu ambaye hayupo. Namshukuru binti, kwa sababu alikuwa na haki ya kunipiga na lile kopo, akaliweka chini. Nawashukuru ninyi, kwa sababu habari hizi mlishazisikia mitaani kabla sijasimama, na hamkunitoa kwenye kikundi. Na namshukuru mama wa Nangara, aliyetaka nisome kwa sauti.

Yupo hai. Vidonge anameza. Mkono wa kushoto haujarudi vizuri, hawezi kukamua, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kwenda stendi napita kwake nakamua mimi. Nakamua vibaya. Ng'ombe ananipiga na mkia, mama ananicheka kutoka kwenye kiti, maziwa mengine yanamwagika, na siku zinakwenda bila mimi kuyafanya mambo yanyooke. Sasa hivi nina linki mbili tu, ya tochi ya sola na ya pampu ya kupulizia dawa shambani. Zote mbili ninazo nyumbani, na pampu inavuja kwenye kifuniko, nimeandika hivyo. Nauza kidogo kuliko zamani, na kila tangazo lina jina langu.