Tairi Zisizolala

Hebu jaribu kuona pamoja nami pembe moja ya barabara ya Butembo, saa nane mchana, mwezi wa kumi na mbili, mwaka wa 2002. Mvua imekatika sasa hivi na udongo mwekundu unatoa mvuke. Chini ya bati la Siméon, fundi wa tairi, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori. Hicho ndicho kiti chetu. Orpa amekaa na termosi yake ya kahawa na vikombe sita, kimoja hakina mkono. Kando ya ukuta zimeegemea tairi nne nyeusi, nzito, zilizotolewa jana kwenye gari la Yassini. Mimi niko mwisho wa ubao na daftari za darasa la tano mapajani, kwa sababu shule yetu imefungwa tangu wakimbizi walale ndani ya madarasa. Nitakuambia tulivyosema siku ile, hata yale ambayo leo ningependa tusingeyasema.

Yassini ni msafirishaji. Asubuhi ile, saa kumi na mbili, alikuwa ameondoka kwenda Beni kumchukua dada yake Hadjara, mwenye mimba ya miezi tisa, pamoja na watoto wake wawili. Vita vilisemwa kuwa vinakaribia Beni, na watu walikuwa wanateremka huku kwetu na magodoro vichwani. Yassini alisema atarudi kabla ya sala ya adhuhuri.

— Adhuhuri imepita, alisema Orpa akimimina kahawa. Yassini ataswalia wapi leo?

— Ku njia, Mama Orpa. Mungu iko ku njia pia, alijibu Muyisa. Huyu tunamwita Radio, kwa sababu habari humfikia yeye kabla ya kuwafikia wenyewe.

— Atafika, acheni woga, alisema Siméon. Jina lake la hapa ni Docteur, daktari wa tairi. Akaongeza: jana nilimuvalisha pneu ine, zote mupya. Sasa ile motokari inatembea polepole sawa bibi-arusi. Mbele ya hapo ilikuwa inarukaruka sawa mbuzi.

— Docteur, tuelezee tena ile ugonjwa, aliomba Sikuli. Yeye ni Avocat, wakili wetu. Aliwahi kupiga mashine ya kuandika kwenye tribunal miaka mitatu, na sauti ya tribunal haikumtoka tena.

— Nimeeleza mara tatu!

— Mahakama inapenda kusikia mara ya ine.

Docteur akaweka kikombe chini, akasimama. Hakuwa mtu wa kueleza ugonjwa akiwa amekaa.

— Bon. Yassini alifika hapa anatoka Kasindi. Anasema: Docteur, kuko taa moja kidogo, rangi ya machungwa, inawaka mbele yangu ku tableau, haitake kuzimika. Na hii pneu iko nguvu sawa jiwe, inaniumiza mugongo. Nikaangalia. Ku muguu ya nyuma, kushoto, kuko musumari. Musumari ya zamani! Kichwa yake imesha kung'ara ju ya kusuguana na njia. Nikapima hewa. Zéro.

— Zéro!

— Zéro kabisa. Lakini pneu imesimama! Wima, sawa sergent. Nikasema, labda macho yangu. Nikatoa valve ku ile ingine. Pfff, hewa yote ikatoka. Nikangoja ilale. Nikavuta sigara moja, nikamaliza. Hapana lala!

— Eee, Yesu, alisema Orpa.

— Donc nikamwambia Yassini: hii pneu iko muongo. Pneu yenye haina hewa inapashwa kulala, kusudi mwenyewe ajue iko mugonjwa. Yenye kuficha ugonjwa, siku moja itakuua.

Avocat alikohoa kwanza, kama kawaida yake.

— Bazee balishasema: mwenye kuficha maradhi, kilio kitamufichua.

Sote tulitikisa kichwa. Methali ilikaa pale vizuri sana, na methali ikikaa vizuri, mtu haiulizi tena maswali.

— Na ile taa? Radio aliuliza. Ulizima?

— Ilikataa. Hata na pneu mupya inawaka tu. Nikabandika plasta juu yake, ile ya kidonda. Ikapona.

Tulicheka. Nilicheka mimi pia.

— Mais kweli, Avocat aliendelea, kwani bazungu banatengeneza pneu nguvu vile? Miye ninaona hivi: kwabo kuko barafu. Barafu iko laini. Donc pneu inapashwa kuwa nguvu. Huku kwetu majiwe iko nguvu, pneu inapashwa kuwa laini. Ni sheria: kiti moja hakikaliwe na matako mbili.

— Avocat, hiyo methali inaingilia wapi?

— Itaingia. Ngoja.

— Barafu hapana, alisema Docteur. Ile caoutchouc, mupira yake, ilikauka mu bateau. Miezi mbili ku bahari, jua na chumvi. Umeshaona makayabo? Samaki ya chumvi inasimama yenyewe ukiiegemeza ku ukuta. Njo vile na ile pneu.

— Makayabo! Radio alipiga goti lake. Docteur, weye uko fundi lakini hauko mutu ya habari. Musikilize. Ile pneu iko na antena ndani. Ile taa njo alama. Pneu inapima udongo, inatuma ku satellite, na satellite inajua sasa ku Manguredjipa kuko dhahabu ya kiasi gani.

— Yassini hajaenda Manguredjipa na ile motokari.

— Njo maana taa ilikuwa inawaka! Ilikuwa inakasirika.

Orpa alilazimika kuweka termosi chini kwa kucheka.

— Muulizeni Mwalimu, alisema. Yeye njo alisoma kitabu yake.

Macho yote yakanigeukia. Kweli, jana Yassini alinipa kijitabu kilichokuwa ndani ya gari. Kiliandikwa kwa Kijerumani, na mimi Kijerumani sikijui. Ningeweza kusema hivyo. Lakini jana hiyo watu watano, Yassini akiwamo, walikuwa wananitazama, na mwalimu akipewa kitabu mbele ya watu hupata aibu kusema hajui. Niligeuza kurasa mpaka nikakuta picha ya tairi, na kando yake namba 80 iliyofungwa ndani ya duara. Nikasema: wanakataza kupita makumi nane kwa saa.

— Makumi munane! Radio alirudia, na kicheko cha jana kikaanza upya. Ku njia ya Beni! Nani alishafikisha makumi munane kule? Ata risasi haifikishe!

— Basi sikilizeni ya mwisho, akaendelea akipanguza macho. Hii niliisikia kwa soda moja, askari ya Kampala. Anasema kuko ba pneu ya ba président. Adui anatoboa na risasi, pneu inabaki bila hewa, na président anaendelea kutembea tu, mpaka kwake, anakula, analala!

Hapo tulicheka kuliko yote. Docteur alijishika kiuno.

— Bila hewa! Radio, likambo te, hakuna neno, leo umetushinda. Uwongo ya antena ilikuwa na akili kidogo!

— Uwongo una muguu fupi, Avocat alitamka, na safari hii hata yeye aliona kwamba methali imekaa mahali pake.

Tulikuwa bado katika kicheko hicho alipofika mama mmoja na magunia mawili ya makabichi. Alisalimu kwa Kinande, akaomba kukaa kidogo wakati anangoja lori la kwenda Kirumba. Jina lake Jemima. Orpa alimpa kahawa. Akakunywa, akiangalia zile tairi ukutani.

— Hii ni ya motokari gani?

— Ya Yassini, Docteur alisema. Ameenda Beni kuleta dada yake, iko na mimba kubwa. Nilimutolea hizi, nikamutilia za kweli.

— Ine?

— Ine.

— Na ya tano?

— Ya tano gani, mama?

— Secours. Roue ya kubadirisha. Bwana yangu iko chauffeur ya lori, papa. Kila safari ninakaaka juu ya secours, ninaijua kuliko kitanda yangu. Ya hii motokari iko wapi?

Docteur alisema polepole:

— Nilifungua coffre ya nyuma jana, nilikuwa natafuta cric ya kuinua motokari. Cric haikuwa. Secours haikuwa. Nikafikiri balimuibia ku barrière ya askari.

— Na nafasi yake? Ile shimo kwenye wanailalisha?

— Shimo hakuna. Chini ni sawa meza.

Mama Jemima alishika kikombe kwa mikono miwili. Hakuwa anatutega. Alitaka kujua tu.

— Sasa mutu atatengeneza motokari bila roue ya kubadirisha, ju ya nini?

Avocat alikohoa, lakini hakuna methali iliyofuata. Radio alikuwa amekaa juu ya moja ya zile tairi. Akainuka kutoka juu yake taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba amekalia kofia ya mgeni.

Niliingiza mkono katikati ya daftari za watoto, nikatoa kijitabu. Nilikuwa bado ninacho. Nilikwenda kwenye ile picha, na mara hii niliitazama jinsi ninavyowaambia watoto watazame: usikimbie, tazama yote. Tairi ya kwenye picha haikuwa na hewa. Na namba 80 hazikuwa moja, zilikuwa mbili. Chini ya moja paliandikwa km/h. Chini ya nyingine paliandikwa km tu. Kila mwaka, mwezi wa pili, ninasimama mbele ya darasa la tano na kuchora mistari miwili ubaoni: huu ni mwendo, huu ni umbali, watoto wangu msivichanganye.

— Mwalimu, Docteur aliuliza, inasema nini?

— Inasema hata bila hewa inatembea kilomita makumi nane.

— Na Beni?

Alijua. Sote tulijua. Nilijibu tu kwa sababu aliuliza.

— Makumi tano na nne.

Docteur aliinama mbele ya ile tairi yenye msumari, akaweka kidole juu ya kile kichwa kilichong'ara.

— Ilimutoa ku njia ya Kasindi, alisema. Ilikuwa imetobolewa, na ilimufikisha hapa. Na miye nikaiita muongo.

Hakungoja mtu. Alichukua pampu, viraka, gundi na cric ya jirani, akapanda pikipiki ya Kahongya muuza mafuta, wakapotea kwenye barabara ya Beni. Lori la Kirumba lilifika, Mama Jemima akaaga. Orpa aliinamisha termosi juu ya kikombe changu, hakikutoka kitu. Tulibaki pale pale.

Yaliyotokea tuliyajua baadaye. Tulikuwa tumeogopa askari, lakini hapakuwa na askari. Ulikuwa msumari tu. Wakirudi, karibu na Maboya, tairi mpya ilitobolewa, ikalala, kama Docteur alivyopenda tairi zilale. Yassini hakuwa na ya kubadilisha. Alijaribu kusimamisha magari tangu saa nne asubuhi, lakini yalikuwa yamejaa watu wanaokimbia. Uchungu ulimshika Hadjara pale pale. Mama mmoja wa kijiji, Kanyere, alimwingiza jikoni kwake. Mtoto alizaliwa msichana. Alilia mara moja tu, halafu pumzi ikakatika.

Docteur alifika saa kumi. Kuziba ile tairi kulimchukua dakika ishirini. Walirudi jioni na kichanga kimefungwa ndani ya kitenge, kikazikwa kesho yake asubuhi. Hakuna aliyetuambia kwamba hospitali ingemwokoa mtoto yule, na hakuna aliyetuambia kwamba isingemwokoa.

Baada ya siku saba Yassini alikuja kijiweni. Tulisimama wote. Docteur alisogea mbele. Yassini alimshika bega.

— Kaka Siméon, miye pia nilisema zinaniumiza mugongo. Nilitaka zitoke kabla ya weye kutaka.

— Lakini uliniuliza miye, Yassini. Miye njo fundi.

— Na miye njo niliyesoma, nilisema.

Yassini alitutazama mmoja mmoja. Kisha akakaa kwenye ubao, akaomba kahawa, na Orpa akammiminia.

Nimefundisha watoto miaka mingi tangu hapo, na siwaombi wakumbuke mengi. Nawe nakuomba jambo moja tu. Ukikuta kitu kimetobolewa na bado kimesimama, usiharakishe kukiita mwongo. Kaa nacho kwanza, ukiulize kinasimama kwa nguvu gani.