Kiti Kilichovishwa Nailoni

Baraza ya Kibokoni, ile iliyo chini ya dirisha la marehemu Bi Mahfudha, haikuwahi kuwa na kiti. Watu hukaa juu ya saruji, na saruji haina upendeleo, humchoma kila mtu sawasawa. Lakini tangu siku ya mazishi kulikuwa na kiti hapo nje, cha kizungu, chenye miguu myembamba, sponji nene na nguo ya rangi ya haradali, kikiwa bado kimevishwa nailoni ya dukani. Kilitolewa sebuleni ili wanawake wapate pa kutandika mikeka, na matanga yalipoanuliwa hakuna aliyekirudisha ndani. Zaki, mwana wa marehemu, alikaa kando yake na kikombe cha kahawa chungu kilichokwisha kupoa.

Zaki ni baharia wa meli za mizigo. Miaka mingi hakukanyaga nyumbani, na alipofika alimkuta mama keshazikwa. Kiti hicho alikinunua ng'ambo akakituma yeye, siku aliposikia kwenye simu kwamba mgongo wa mama haumpi raha. Kila akipiga kuuliza habari zake, mama humjibu, "Kiti kizuri, mwanangu, kila ajaye hukisifu." Neno hilo ndilo lililomshikilia wiki hii. Kuzika hakuzika, lakini walau mgongo wa mama aliupumzisha.

Dada yake Swafiya alitaka kiuzwe, akasema macho yake hayataki kukiona. Mnunuzi alikuwa njiani kutoka Ganjoni. Kabla hajafika, baraza ilikwisha kukiweka kiti kizimbani.

— Mbao hii ni ya Mdenmaki, alisema Ngowa, fundi wa makochi, ambaye mtaa mzima humwita Misumari. Tazama miguu, haina nakshi hata moja. Hao si watu wa maneno mengi.

— Na nguo?

— Hiyo ya Mtaliano. Waona mshono? Kama kanzu ya arusi.

Aliyeuliza ni Maxwell, mtu wa bara, aitwaye Relwe kwa kazi yake ya reli. Amekaa Kibokoni mpaka kahawa chungu haimkunji uso tena.

— Haiwezekani. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

— Wakaa. Na sponji hii haibonyei milele. Ndiyo wakasema, akiba haiozi.

Methali haikuhusu kitu, lakini barazani methali haiulizwi kitambulisho. Misumari akaendelea kwamba mabwana hao wawili walikuwa mtu na shemeji yake. Mdenmaki hapendi wageni, akausimamisha mgongo wa kiti ili mgeni achoke aende zake. Mtaliano apenda soga, akajaza sponji ili mgeni asiondoke. Ndiyo maana akikaliaye haendi wala hakai. Zaki aliujua ukweli, maana muuza duka alimwambia kwamba mmoja alichora na mwingine akashona, basi. Hakuwasahihisha. Maadamu wanasema ya Denmaki, hawatasema ya kaburini.

Relwe naye hakukubali kushindwa. Alisema kiti kilitengenezewa mfalme wao mgonjwa, na waganga wa nchi mbili waligawana kazi, huyu mbao na huyu sponji.

— Kwani alipona?

— Hakupona, ila alikuwa hafi. Kila mauti yakimjia yamkuta amekaa vyema, yaona haya, yarudi.

— Mwisho akafaje?

— Aliinuka.

Zaki alikiweka kikombe chini.

— Mama naye aliinuka, alisema. Angalitulia kitini asingalianguka jikoni.

Misumari alimmiminia kahawa, ingawa kikombe kilikuwa bado kimejaa.

Tuktuk ikasimama. Akashuka Awiti, karani wa bandarini, yule mnunuzi wa Ganjoni, aliyekuja kukitazama kiti. Alisalimu, akatoa pole kwa heshima, kisha akapitisha kiganja juu ya nailoni. Lilikuwa jua la adhuhuri, na kiganja kikagandia.

— Mama alikuwa akikaa juu ya hii nailoni? aliuliza. Na joto hili, haikumwunguza?

Misumari alimtazama Relwe. Relwe akatazama barabara. Dirisha la sebule li juu ya vichwa vyao, na miaka yote hiyo walikiona kiti mle ndani kila walipopita. Mtu juu yake hawakumwona.

— Mjibuni, Zaki alisema.

Hapo Zaki aliushika upindo wa nailoni akaupasua, akakaa. Sponji ilimsukuma juu, ngumu, na ikatoa harufu ya dukani.

Swafiya alikuwa amesimama mlangoni, na kanga yake ya msiba mabegani.

— Hakukikalia, Zaki. Alisema nailoni haivuliwi mpaka uje. Yeye alikaa jikoni juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na mgongo wake ule ule. Nilimnasihi mpaka nikachoka.

Zaki aliijua kanuni hiyo tangu utotoni. Kitu kizuri cha nyumba ni cha mgeni, na alipigwa kofi si mara moja kwa kugusa kochi la sebuleni. Alipokinunua kiti alifikiria mbao, sponji na mgongo wa mama. Hakufikiria kwamba mgeni wa nyumba ile amekuwa yeye. Mbele ya watu wote akalia.

Awiti alingoja. Hakuwajua watu hawa, na tuktuk ilikuwa ikimsubiri.

— Kwa hivyo, aliuliza taratibu, kiti ni kipya?

Misumari alikusanya vikombe. Zaki alikuwa bado amekaa.