Bi. Orpha Tennant, Aliyewaona Wapiti Kabla Hatujapanda Mlima

Jumamosi ya tarehe 30 Novemba 2024, Bi. Orpha Tennant atakabidhi ufunguo wa chumba cha ramani na kustaafu, baada ya kuitumikia kambi yetu ya kuwinda wapiti, wale kulungu wakubwa wa milimani, hapa Greer Fork, Wyoming, Marekani, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi sita. Mimi ninayeandika, Dallin Pruett, nimeongoza wageni kwa ramani zake kwa miaka kumi na tisa. Nimepotea mara moja tu, siku niliyojifanya najua kuliko yeye.

Wafanyakazi wapya huenda wasiamini, lakini Bi. Orpha aliajiriwa kama mpishi, Mei 1993. Marehemu baba yake alikuwa mpimaji wa mifereji ya maji ya mashambani, na binti alijifunza kusoma mistari ya mwinuko kabla hajajua kusoma vizuri. Kwa hiyo waongozaji walipotandika ramani zao mezani jioni na kubishana, mpishi alikuwa akichungulia juu ya mabega yao, mwiko mkononi. Mikate iliungua sana mwaka ule. Mwenye kambi, Bw. Rulon Beck, alilalamika kwamba analisha wageni makaa.

"Makaa utayala," Bi. Orpha akamjibu, "lakini nyama ya wapiti hutaila, maana unawapeleka watu upande wa jua. Mnyama mwenye manyoya kama blanketi akalale juani saa saba mchana kwa sababu gani?"

Kesho yake walijaribu upande wa kivulini. Wapiti walikuwapo, madume mawili na majike tisa, wamelala chini ya misonobari kama wageni waliolipia vyumba.

Kompyuta ilipofika kambini mwaka 2006, sote tuliiogopa isipokuwa yeye. Aliacha jiko, akahamia kwenye chumba cha matandiko ya farasi, akaweka meza na kukigeuza chumba cha ramani, na tangu hapo mahali pale pakanukia ngozi, jasho la farasi na kahawa yake nzito. Alikuwa akiziweka pamoja picha za setilaiti za sehemu ileile, za miaka saba au nane tofauti, kisha anatafuta kinachojirudia: nyasi zinazobaki kijani mwisho wa Agosti kila mahali pengine pakiwa pamekauka, theluji inayokawia kwenye mkunjo wa mlima, vijia vya wanyama vyembamba kama uzi vinavyokutana mahali pamoja. Panapokutana vijia, alikuwa akisema, kuna maji, chumvi au usalama. Kazi yako ni kujua ni kipi kati ya vitatu.

Hakuwa na subira na wavivu. Mwongozaji mmoja aliwahi kumwonyesha kwa fahari njia ya wapiti aliyoigundua kwenye skrini. Bi. Orpha akavaa miwani, akatazama, akavua miwani. "Mwanangu, hilo ni bomba la maji. Lakini ukipiga kambi hapo hutakufa kiu."

Kipimo halisi cha kazi yake kilikuja baada ya moto wa 2012. Msitu tuliokuwa tukiwinda tangu enzi za baba yake Rulon uliteketea kwa wiki tatu, na tulipoingia tena palikuwa na majivu na vigogo vyeusi. Wageni wa msimu uliofuata walikuwa wamekwisha kujiandikisha. Rulon, mtu ambaye hata harusini haketi, aliketi kwenye ngazi za ghala akasema atauza farasi na kufunga. Watu kumi na mmoja tungekosa kazi.

Bi. Orpha alifunga mlango wa chumba cha ramani tangu Januari hadi Juni. Alitoka na kipande kimoja cha karatasi, mchoro wa bonde la milimani lenye umbo la bakuli, liitwalo Hensley, ambalo kila mwindaji wa bonde hili alilijua na hakuna aliyelifikia, kwa sababu ramani zote zinaonyesha ukuta wa mwamba kusini na kijito chenye kasi kaskazini. Lakini katika picha moja ya Juni, theluji ikiwa imebaki juu ya ule mwamba, aliona mstari mchafu unaoupasua weupe kwa mshazari.

"Hiyo ni mikwaruzo kwenye picha," Rulon akasema.

"Mikwaruzo haizunguki jiwe," akajibu Bi. Orpha.

Julai tulikwenda kuhakikisha, yeye na mimi. Alikuwa na miaka hamsini na tatu na goti moja bovu. Njia ilikuwapo: upana wa farasi mmoja, imekanyagwa na kwato kwa karne nyingi. Lakini lile dimbwi alilotuahidi kule juu, la kunyweshea farasi, halikuwapo. Lilikuwa kivuli cha jiwe. Tulishuka midomo imepasuka, na njiani hakutafuta kisingizio. "Nilitaka liwe maji," alisema, "nikaliona maji. Andika hilo kwenye daftari lako, Dallin, uwafundishe wengine." Nimeliandika. Kila mwongozaji anayeajiriwa hapa hulisoma siku ya kwanza.

Maji tuliyapata chini zaidi wiki iliyofuata, na Septemba ile wageni wetu walisikia madume yakiitana kwa ule mlio wao mkali kama mbinja pande tatu kwa wakati mmoja. Hakuna aliyefukuzwa kazi, na farasi hawakuuzwa.

Tungeweza kuishia hapo, na wasifu huu ungekuwa mtamu kama pai ya tufaha. Lakini jambo ninalomheshimia zaidi lilitokea miaka minne baadaye. Hensley ilikuwa imetupatia jina, na Rulon alitaka kuongeza wageni maradufu. Bi. Orpha aliweka mbele yake picha za miaka ile minne. Vijia vilikuwa vinafifia, kimoja baada ya kingine vikimezwa na majani.

"Hatujavunja sheria hata moja," Rulon akasema. "Vibali vyote tunavyo."

"Sikusema tumevunja sheria. Nimesema wanaondoka, na mimi ndiye niliyekuonyesha mlango wao."

"Orpha, wewe ni mtu wa ramani. Biashara niachie mimi."

Basi alimwachia. Alifunga kompyuta, akavaa koti, akaenda nyumbani, na kwa siku kumi na moja hakuonekana. Tulijaribu kufanya kazi bila yeye. Siku ya kumi na mbili Rulon aliendesha gari hadi kwake, akasimama barazani kofia mkononi. Mume wa Bi. Orpha, Bw. Wendell, ndiye aliyetusimulia kilichosemwa.

"Miaka mingapi?" Rulon aliuliza.

"Minne. Asikanyage mtu."

"Mitatu."

"Minne, na unywe kahawa kabla haijapoa."

Hensley ikapumzishwa miaka minne. Vijia vimerudi, nimevipita kwa miguu yangu.

Wengi mmeuliza kwa nini anastaafu sasa, akili ikiwa bado kali kama kisu cha kuchunia. Ameniruhusu niseme. Agosti iliyopita alituandikia kwamba kuna wapiti arobaini kwenye mteremko fulani. Tulipofika tukakuta mawe. Hakungoja tumwambie mara ya pili. Alikwenda kwa daktari, akarudi, akamweleza Rulon kwamba katikati ya macho yake kunaingia ukungu usiotoka.

"Nitakuwa macho yako," Rulon alisema.

"Wewe? Wewe unatafuta miwani uliyoivaa."

Walicheka, kisha Rulon akatoka nje kuwaangalia farasi ambao walikuwa wamekwisha kulishwa.

Mwezi Septemba tulimpa zawadi pekee aliyoitaka. Kuna bonde liitwalo Tamsin ambalo alilichora kwa miaka kumi na minane bila kulikanyaga, kwa sababu kila Septemba alibaki chumbani akituongoza kwa redio. Tulimpandisha farasi mpole kuliko wote. Kule juu nilianza kumweleza ninachokiona, akanikatiza: mti ulioanguka uko kushoto, sio kulia, nyuma yake kuna nyasi ndefu, ngoja jua liguse ukingo. Tukangoja. Jua likagusa ukingo, na dume likapiga mbinja palepale alipoelekeza kidole, karibu sana hata farasi wakasimamisha masikio.

Nikaanza kuwahesabu kwa sauti.

"Nyamaza, Dallin," alisema. Alikuwa anatabasamu, machozi yakimtiririka, na hakujifuta. "Kumbe wana harufu."

Bi. Orpha, kwa niaba ya Rulon, waongozaji, wapishi waliokufuata na wasiounguza mikate: asante. Wewe na Wendell mkaishi kwa afya na furaha, mle vizuri, mlale hadi jua lipande, na kila atakayewatembelea awasimulie vizuri alichokiona njiani. Sisi tutakuja mara kwa mara. Kahawa iwe tayari.