Nukta Aliyoisahau Bi Nukta

Tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Bi Nukta atazima kompyuta yake, ataipangusa meza ambayo tayari ni safi, kisha atastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika ofisi yetu. Karibu sote tumekuja tukamkuta.

Alianzia masjala, akibandika stempu na kugonga mihuri. Barua zilipohamia kwenye kompyuta naye alihama nazo, akasomea mitambo, na kwa miaka ishirini na mmoja amekuwa mlezi wa seva yetu ya barua pepe. Katika muda huo barua zimekwama mara mbili tu, na mara zote mbili ni mkuu wa utawala aliyechomoa waya ili achaji simu. Mkuu alituomba tusiliandike hili. Tunamwomba radhi.

Jina lake la utani lina kisa. Barua pepe huongozwa na rekodi za DNS, yaani daftari la mtandao linaloonyesha barua za anwani fulani ziende kwenye mashine gani. Katika daftari hilo, jina kamili la mashine humalizikia kwa nukta. Ukiisahau, mfumo hudhani hujamaliza kusema. Huongeza jina la ofisi mara ya pili, na barua zikaenda kutafuta mashine isiyokuwepo. Bi Nukta hakuwa na mchezo na jambo hilo. Aliyesahau nukta alipikia kitengo kizima chai kwa wiki nzima. Mimi ninayeandika nimepika wiki tisa.

Ana dada pacha aliye ng'ambo, asiyesikia, kwa hiyo simu haiwafai. Kila Jumapili huandikiana barua ndefu zenye salamu, umbea na ugomvi mdogo. Zamani, kampuni iliyowahifadhia barua ilifunga huduma, na barua za miaka sita zikapotea. Siku hiyo Bi Nukta alilia hapa hapa ofisini, na hatukumwona akilia tena. Tangu hapo wametumia anwani ya ofisi, kwa idhini, nayo inafungwa siku anapostaafu. Akaapa kwamba anwani inayofuata itakuwa ya nyumbani kwake, isiyo na mtu wa kuifunga.

Mwezi huu basi aliomba kompyuta iliyokwisha kufutwa kwenye orodha ya vifaa, akaiweka katika chumba ambamo mumewe, fundi cherehani, huhifadhi majora ya vitambaa. Mzee alihamisha majora bila kinyongo, ila alinung'unika kwamba mashine hiyo inanguruma kuliko cherehani na haishoni hata kifungo. Bi Nukta akasajili jina la nyumba, akajaza rekodi, akamwambia dada aandike.

Barua ya kwanza iligonga mwamba. Ya pili vilevile. Dada alituma taarifa za barua hizo kurudishwa kupitia anwani ya ofisi, akiuliza, nusu utani nusu machozi, kama pacha wake amemchoka. Zilibaki siku kumi na mbili anwani ya ofisi ifungwe. Bi Nukta alibadilisha nyaya, akagombana na watu wa intaneti, akatutazama sote kwa jicho la shaka. Taarifa aliisoma mara nyingi, lakini kama mtu anayejua tayari kilichoandikwa.

Ni mumewe aliyeipitishia kidole herufi kwa herufi, kama anayekagua mshono, akauliza kwa nini jina la nyumba limeshonwa mara mbili.

Asubuhi iliyofuata Bi Nukta aliipita meza yake, akaenda moja kwa moja kubandika birika. Tukatoa vikombe. Chai yake, tuseme ukweli, ni mbaya sana. Tumeinywa yote, siku tano.

Jumapili barua ikafika nyumbani. Dada, aliyekwisha kuelezwa kisa chote, hakuandika salamu wala umbea. Aliandika nukta moja tu. Bi Nukta, aliyetukataza miaka yote kuchapa barua pepe kwenye karatasi, aliichapa hiyo, akaibandika ukutani juu ya meza yake.

Asante, Bi Nukta, kwa kila barua iliyotufikia. Tunakuombea afya, Jumapili ndefu na barua zisizorudi. Na kwa kuwa hatujamaliza kusema nawe, sentensi hii tunaiacha bila nukta, chai tutapika sisi