Chumba cha Vitabu Hakitakuwa Bucha

Zimeni hiyo redio, msogeze viti hapa karibu na kitanda, na wewe Kiarie uache kuvuta makamasi kama mtu aliyekwisha kufiwa, maana bado sijafa, na nikifa utapata muda wa kutosha wa kulia. Mimi Waithira, mjane wa Ephantus, nina maneno ya kuwaachia wanangu, na nitayasema mara moja tu, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia rudia. Macharia, wewe ni kifungua mimba, kaa hapo mbele nikuone uso. Waceke, niinulie mto. Nanzala, rafiki yangu, kaa karibu na mlango uwe shahidi. Mchungaji naye nimemwona, karibu sana, ila asianze kuomba kabla sijamaliza, maana akianza tutakaa hapa mpaka ng'ombe warudi malishoni.

Shamba la Turbo ni la Kiarie, kwa sababu yeye ndiye aliyelipalilia wakati nyinyi wengine mlikuwa mkiuliza tu mahindi yameiva lini. Alime, asiuze, na yule jirani akisogeza ua tena kama alivyousogeza mwaka ule wa ukame, amwendee kwa chai kabla ya kumwendea kwa wazee. Nyumba hii, na ng'ombe aliye nyuma yake, na cherehani, ni vya Waceke. Ndiyo, Waceke, msichana, na mwenye neno juu ya wasichana na nyumba aende akamwambie baba yenu kaburini, maana tulikubaliana mimi naye angali hai na akili zake zote. Duka ni la Macharia. Nimekuona umeshusha mabega, Macharia. Usiyashushe mapema.

Maana kuna chumba. Mnakijua, hiki hapa tunachopakana nacho ukuta, kilichokuwa ghala la mahindi na sasa ni chumba cha vitabu. Juzi, jua likiwa kali, mkidhani nimelala, nilimsikia Macharia chini ya dirisha langu na yule muuza nyama wa Turbo, wakivuta utepe wa kupimia. "Kulabu zitakaa huku," anasema muuza nyama. "Na hii makaratasi yote?" Mwanangu akajibu, "Hiyo tutatoa mama akishapumzika." Kupumzika! Nimemzaa mwenyewe, nikamnyonyesha mwenyewe, na bado hawezi kusema neno kufa. Basi tuliza mikono, Macharia, usikilize chumba hicho kilipatikana vipi, kwa sababu wakati kilipokuwa kikipiganiwa wewe ulikuwa upande mwingine.

Kilianza na huyu Nanzala. Walikuwa wamehamia hapa Yamumbi na mume wake, karani, kutoka huko kwao Bungoma, na siku moja alikuja dukani kununua mafuta ya taa na kitabu kikiwa kwapani kama mkate. Mimi shule nilifika darasa la saba nikaolewa, na tangu hapo nilichokuwa nikisoma ni maandishi ya pakiti za majani ya chai. Nikamwuliza, mama, hicho kinasema nini? Akaweka chupa yake juu ya kaunta, akanisimulia habari za mwanamke ambaye mume wake alimpelekea habari kwamba anarudi kwa treni. Kila Jumamosi mwanamke huyo anapika, anafunga chakula kwa kitambaa, anaenda stesheni kungoja, na watu wanamcheka. Jumamosi moja treni inafika, mtu anashuka, amevaa koti la mume wake, amebeba sanduku la mume wake, na si mume wake. Anakuja moja kwa moja mpaka kwa yule mwanamke, anavua kofia, anamwambia… Hapo Nanzala akachukua chupa yake. Nikasema, alimwambia nini? Akasema, "Mama ya duka, macho unayo. Soma." Akaenda zake! Nilifunga duka mchana kweupe, wateja wakinitazama, nikamfuata mpaka kwake kuchukua kile kitabu.

Hivyo ndivyo tulivyopata desturi yetu ya kuonjesha. Anayeleta kitabu anasimulia mpaka pale panaponoga, halafu anafunga mdomo, na hakuna ruhusa ya kumalizia mwenzako hata akulilie. Uliyesifia kitabu kikatokea kuwa kibovu, wewe ndiwe utakayeosha vikombe. Chepkorir, anayeleta maziwa kutoka upande wa Chepkoilel, ameosha vikombe vya chumba hicho mpaka mikono ikalainika, kwa sababu yeye husifia kitabu chochote chenye harusi. Na mgeni akiingia anakalishwa kwenye kigoda kilicho karibu na jiko, wenyeji wanagombania kumwonjesha, na yeye ndiye anayechagua kabla ya mtu yeyote. Haulizwi kabila, haulizwi kanisa, haulizwi kama anajua kusoma. Ikionekana hajui, atasomewa mpaka ajue. Tulichagua Alhamisi mchana kwa sababu Jumapili ina wenyewe wengi, na kila mwenyewe ana kanisa lake. Ephantus akatupa ghala. Alisema afadhali panya wale vitabu kuliko mahindi, lakini alitupa.

Kisha ikaja miaka ile ambayo watu waliogopa karatasi. Mnaikumbuka. Mtu alikuwa akikutwa na karatasi asiyoweza kuieleza, anapelekwa mahali ambapo hata mke wake haelezwi. Mkutano bila laiseni ulikuwa kosa, na watu watano wakikaa pamoja bila pombe wala maiti, ulikuwa mkutano. Chifu tuliyekuwa naye wakati huo, jina lake silitaji maana alishakwenda kwa Mungu na huko ataelezwa vizuri kuliko ninavyoweza mimi, alisikia kwamba kwa mama Waithira wanawake wa kabila zote wanajifungia na vitabu. Akamtuma Walubengo, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa chama tawala, aje aketi, asikie, apeleke habari.

Sisi tukamwona ameingia akiangalia mlango kila mara, tukasema maskini, mgeni ana haya. Tukamkalisha kigodani. Tukampa chai ya maziwa na kiazi kitamu. Chepkorir akamletea harusi yake, mtu mwingine akamletea wezi, mimi nikamletea yule mwanamke wa stesheni, nikasimulia mpaka mtu anavua kofia, anamwambia… nikanyamaza. Wote wakanyamaza wakitabasamu, kama tunavyofanya siku zote. Basi huyo mjinga, wewe Walubengo, najua unanisikia huko chumbani nyuma ya ukuta na ni ukweli, mjinga huyo akaenda akamwambia chifu hivyo hivyo alivyoona. Wanasema habari za mtu anayengojwa. Anakuja kwa treni. Kuna sanduku. Wakifika kwa maneno yenyewe, wote wananyamaza na kucheka.

Fikirini wenyewe masikio ya chifu!

Habari zikatufikia kwamba Alhamisi inayofuata anakuja na askari. Na hapa ndipo penye kinyongo changu, Macharia, na sitaenda nacho, nakitua hapa mbele ya watu. Ulikuja asubuhi hiyo na debe la mafuta ya taa, tena umelitoa dukani kwangu, ukasema, "Mami, tuchome tu. Vitabu vitakupeleka jela." Nilikwambia mafuta hayo yana mteja, urudishe debe. Uliogopa kwa ajili yangu, hilo nalijua, sikuzaa mtoto mbaya. Lakini woga wako ulitaka kufanya kazi ya chifu kabla chifu hajafika, na hilo limenikaa kifuani mpaka leo. Haya. Limetoka.

Chifu akaja. Kofia yake, fimbo yake, askari wawili nyuma. Hakuna aliyekimbia. Chepkorir aliendelea kumimina chai.

"Mama Waithira, nani anakuja na treni?"

"Ni mume wa mtu, Mzee."

"Mume gani? Yuko nchi gani?"

"Yuko ndani ya kitabu."

"Na kwa sanduku kuna nini?"

"Mimi nimelifungua, Mzee. Wewe bado."

"Usinichezee! Huyo mtu alimwambia nini huyo mama? Maliza!"

Wanangu, nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kumalizia, akaenda zake, na desturi yetu ikafa pale pale mbele ya bunduki. Mdomo ulikuwa mkavu kama huu ulivyo sasa, nipeni maji kidogo… asante. Nikasema, Mzee, hapa hatumalizii mtu. Hata mke wa karani hamaliziwi, hata mchungaji. Lakini umeingia kwetu mara ya kwanza, kwa hiyo wewe ni mgeni, na mgeni anachagua kabla ya wengine. Kitabu ndicho hiki. Keti. Na nikamsogezea kigoda.

Hakuketi. Hapana, hakuketi, alikuwa na fimbo. Aliniambia, "Hii maneno ya kukatakata hadithi mimi sitaki kwa lokesheni yangu." Lakini kitabu alikichukua, kwa uchunguzi, akakiweka kwapani, akaondoka na askari wake, akasema atarudi akishapata ushahidi. Tukangoja. Mume wa Nanzala akamfungia mkewe nguo kwenye kikapu, endapo atachukuliwa. Mimi nilikata kucha, kwa maana nimesikia huko jela hawana mkasi.

Alhamisi iliyofuata hodi ikapigwa. Nikasema moyoni, ndio hao. Nikafungua mwenyewe. Alikuwa mke wa chifu, peke yake, na kikapu cha mayai, na juu ya mayai kile kitabu. Akasema, "Mzee bado yuko kati kati, anasoma na kidole, usiku ananiamsha kuniambia treni bado haijafika. Mimi nimemaliza akiwa baraza, na hiki jioni nitamrudishia amalize. Nipeni kingine, na huyu mwanamke mjinga wa stesheni tuongee habari zake, kwa sababu mimi singemfungulia lile sanduku!" Tulicheka mpaka Chepkorir akaketi sakafuni. Na laiseni tulipewa, msifikiri hatukupewa. Ilikuja juma la pili ndani ya kikapu hicho hicho, na mihuri yote, kwamba akina mama wa Yamumbi wameruhusiwa kusoma. Kwa ruhusa ya serikali! Na Walubengo akarudi kwa miguu yake, akasimama mlangoni akasema hakuwahi kuambiwa kwenye sanduku kulikuwa na nini. Hakujua kusoma zaidi ya jina lake. Nanzala akamfundisha, na leo yeye fundi wa viatu ndiye anayeshona migongo ya vitabu vyote kwa uzi wake wa kiatu, vimekuwa vigumu kuliko viatu vyenyewe.

Tuliwashinda, wanangu. Bila jiwe, bila kelele, tuliwashinda kwa kigoda na chai. Leo watu wanatoka Turbo na Chepkoilel kuja kuonjeshwa kwa mama Waithira. Na wewe ulete kulabu?

Kwa hiyo neno langu ni hili, na mchungaji na Nanzala walishike. Chumba simpi Waceke, ambaye angekifungua kila siku bila kuambiwa. Chumba nampa Macharia, pamoja na duka, kama kitu kimoja. Duka ni lako mradi Alhamisi chumba kiko wazi na jiko limewashwa. Alhamisi kitakayofungwa bila msiba, duka limekuwa la Waceke kabla jua halijatua. Vitabu vilivyo majumbani mwa watu msivifuate, vitarudi vikishiba. Nanzala ndiye mkubwa wa chumba, si wa kabila letu na si wa ukoo wetu, na atakayemkumbusha hilo ataosha vikombe mpaka arudi Bwana Yesu.

Ngojeni… Nani huyo? Hodi hiyo ni ya huko chumbani. Waceke, chungulia. Mama mwenye kikapu? Humjui? Basi ni mgeni. Leo ni Alhamisi, nimewakataza wenzangu kuahirisha, na wote wako humo wamekaa kimya wakisikiliza mzee akifa badala ya kupokea mtu. Nanzala, nenda. Macharia, inuka, nenda naye. Ndiyo wewe. Usimwulize jina la baba yake. Kigoda, chai, kisha ukae kimya. Acheni mlango wazi, nisikie.

Mmm. Huyo ni Nanzala, anamwonjesha habari za yule mama aliyemwacha mtoto kwa jirani aende sokoni… akarudi… akakuta jirani amehama, milango imeng'olewa, hata bawaba. Sasa anafunga mdomo. Ndio hivyo. Ndio hivyo, Nanzala.

Nani huyo anauliza, "Na mtoto? Walimpeleka wapi?" Sauti si ya mgeni. Waceke, ni nani? Ni Macharia? Semeni ukweli.

Anauliza tena… Sikieni anavyomsumbua.

Msimwambie. Atafute kitabu… akae… Mchungaji, sasa unaweza kuomba, kwa ufupi. Kiarie, mkono wako. Waceke. Mungu awape macho mpaka uzeeni, na nyumba ambazo watu hawaogopi kubisha, na mtu wa kubishana naye… Nimewabariki. Wote. Na yule kule nimembariki, mwambieni baadaye, msimkatize.

Nendeni mkae na mgeni. Mimi… nasikia vizuri nikiwa hapa.