Maiki Iliyouzwa Kimya Kimya

Asubuhi ile, barazani kwa akina Gour, mtaa wa Shyambazar, chai ilikuwa bado ya moto na Nitai tayari anafoka. Huyu Nitai ndiye aliyesoma sehemu za wafalme, mashetani na wakwe wabaya katika michezo ya redio, na nusu ya Kolkata ilimjua kwa sauti tu. Studio yake na kaka yake Gour ilikuwa ghorofani, juu ya baraza hiyo hiyo. Gour mwenyewe alikuwa amekaa, kikombe cha udongo mkononi, hainui macho. Kando yake alikuwepo Bhombol, muuza viatu aliyebandikwa jina la Daktari kwa kuwa hakuna jambo asilolipima, na Nepu, mwenye jiko la chai.

— Nimepanda juu nakuta dude jipya linaning'inia! Ile maiki yetu iko wapi? aliuliza Nitai.

— Nimeiuza, alisema Gour.

— Umeiuza! Kama gunia la viazi!

— Nitai, hii ni ile ile. Kampuni ile ile, umbo lile lile. Ni toleo jipya tu.

— Usinifanye mtoto, kaka. Toleo la kwanza, lile letu, lilikuwa linatoa sauti ya kifuani. La pili wakalikinga lisivume karibu na televisheni, wakalivisha sponji nene zaidi. Haya. Hili la sasa wamelitia amplifaya, kikuza sauti, tumboni! Maiki inajipaza yenyewe! Sasa mimi kazi yangu nini?

Gour akanywa chai. Chai hiyo ilimchoma Nitai kuliko hata kuuzwa kwa maiki.

— Niachieni mimi nieleze kitaalamu, alisema Daktari. Tofauti ni sumaku. Za zamani walizitoa kwenye chuma cha reli. Za leo, makopo ya maziwa. Ndiyo wahenga wakasema ng'ombe hazeeki maini.

— Ng'ombe kaingiaje hapo? aliuliza Nepu.

— Sumaku ndiyo maini ya maiki, bwege wewe!

— Acha kamba, alisema Nepu. Tatizo ni safari. Ile ya zamani ilikuja na meli, taratibu, ikazoea hewa. Hii imeletwa na ndege, masikio yameziba. Haraka haraka haina baraka.

— Basi ni mate! Daktari akaruka. Nitai kaitemea wafalme wote wale. Mate yakaganda ndani, sauti ikawa inapita kwenye ufalme. Gour kauza ufalme wetu!

Siku nyingine Nitai angecheka. Leo aliwageukia:

— Nyamazeni nyote! Kaka, nakuuliza. Kwa nini?

— Ilikuwa inavuma. Tramu ikipita barabarani, inavuma.

— Mwongo! Tramu zimepita hapa tangu hatujazaliwa!

Hapo akafika binti mmoja mwenye begi mgongoni. Aliwasalimu kwa kukutanisha viganja.

— Mjomba Gour, samahani. Ni mimi Ishani, niliyenunua maiki.

Akaitoa. Nyeusi, imechubuka shingoni. Mkono wa Nitai ukaipokea kabla mwenyewe hajaamua.

— Sauti yake tamu, alisema Ishani, lakini ndogo mno. Nasoma mpaka pumzi inakata, mashine ya kurekodi nimeifungulia mpaka mwisho, napata mchakacho tu. Fundi ananiambia inataka mtu mwenye sauti kubwa. Yule msomaji wenu bado yupo? Naomba anisomee sentensi moja nisikie.

Daktari alitafuta methali, hakuipata. Nepu alikoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa.

Nitai akafungua kinywa. Alitaka kuanza na mfalme, mmoja wa wale waliokuwa wakitetemesha vioo. Kilichotoka ni sauti ya karatasi inayochanwa. Akakohoa, akajaribu tena, ikawa vile vile. Ndipo alipokumbuka miezi yote hii Gour anamwambia kutoka nyuma ya kioo cha studio: rudia ndugu yangu, tramu imepita.

— Hapakuwa na tramu, alisema.

— Hapakuwa.

— Ukaenda kumwambia mwenye duka la maiki kwamba sauti yangu imekwisha, kabla ya kuniambia mimi!

— Ningekuambiaje, Nitai? Ningeanza na neno gani?

Lau Gour angemtukana, Nitai angemrudishia. Lakini kuhurumiwa kwa siri, na ndugu yako wa tumbo moja, huku ukinunuliwa maiki ya kukushika mkono kama kipofu anayevushwa barabara!

Akaikwapua chai ya Gour na kukipasua kikombe ukutani.

— Binti, twende juu, alisema. Hii haisomewi kwa mbali. Unaisogelea mpaka midomo inagusa sponji, unasema na mtu mmoja tu. Nitakuonyesha.

Kisha, mguu ukiwa kwenye ngazi:

— Na wewe Gour, usipande mpaka nikuite.

Jua lilihama barazani, Nepu akazima jiko, Daktari akaenda kwa viatu vyake. Gour alikuwa bado amekaa pale pale. Hakuwa ameitwa.