Damu Isiyosema

Ndani ya basi, fundi cherehani alimwonyesha muuguzi mstaafu aliyeketi kando yake majibu ya damu ya mumewe. "Ona, dada, alama ya saratani ya kongosho bado iko chini. Anatamba kama bwana harusi, anataka nimpunguzie suruali arudi kazini."

"Siku uvimbe ulipoonekana ilikuwa ngapi?"

"Hii hii. Haijawahi kupanda."

Muuguzi alivua miwani taratibu. "Mdogo wangu, wapo ambao damu yao haitoi alama hiyo kabisa. Kwao namba ndogo haisemi kitu. Picha ya tumbo je?"

"Hatukurudi kupiga. Namba ilitutosha."

Basi likasimama. Mumewe alikuwa kituoni, ameshikilia nguzo, anatabasamu.

"Mama watoto, leo namba ngapi?"